Broadway si jumba moja, na mengine tunayodanganyana kuhusu maigizo ya muziki

Hapa Mbeya kila kikundi cha sanaa chenye vijana wanaojua kuimba kina ndoto ya kutoa igizo kubwa la muziki siku moja: hadithi kamili, mavazi ya maana, ngoma, na watu waliolipa kiingilio wakae mpaka mwisho. Mazungumzo yakishafika New York, ambako maigizo ya namna hiyo ndiyo yamepata jina kubwa zaidi, yanaanza kutoka maneno yaliyorudiwa hadi yamegeuka kuwa kama kweli. Naandika yale ninayoyasikia mara nyingi, kwa sababu mengine yanawakatisha tamaa vijana wenye vipaji.

"Broadway ni ukumbi mmoja mkubwa."

Broadway ni barabara ya New York. Watu wa sanaa wakilitaja jina hilo wanamaanisha kumbi takribani 40 zilizo katikati ya Manhattan, kila mmoja ukiwa na viti 500 au zaidi. Nyingi haziko hata kwenye barabara yenyewe, ziko kwenye mitaa inayoikata. Ukumbi wa New Amsterdam, ambao nitaurudia sana hapa, uko mtaa wa 42. Mlango wake wa mbele ni mwembamba kiasi kwamba unaweza kuupita bila kujua. Ukiingia unafuata ushoroba mrefu ndipo unatokea kwenye ukumbi wenyewe, uliojengwa nyuma, upande wa mtaa wa 41.

"Kumbi za wenzetu zilikuwa za fahari tangu mwanzo, na zimebaki hivyo."

Hapa naomba tukae kidogo, maana historia ya New Amsterdam peke yake inatosha kuivunja dhana hii.

Ukumbi huo ulifunguliwa mwaka 1903 na wafanyabiashara wawili wa maonyesho, Klaw na Erlanger. Ulifunguliwa kwa tamthilia ya Shakespeare. Muziki ulikuja kuupa sifa baadaye, hasa kuanzia mwaka 1913, pale Florenz Ziegfeld alipohamishia hapo maonyesho yake ya kila mwaka ya nyimbo, vichekesho na wacheza dansi waliovalia mavazi ya gharama kubwa. Juu ya paa kulikuwa na ukumbi wa pili, na kuanzia mwaka 1915 Ziegfeld aliutumia kwa shoo za usiku wa manane. Watu walitoka kutazama onyesho la chini, wakapanda juu kuendelea na usiku wao.

Kisha mambo yakaharibika. Mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929 ulizinyonga kumbi nyingi, na mwaka 1937 New Amsterdam ukageuzwa kuwa jumba la sinema. Mtaa wa 42 nao ukaendelea kuporomoka mpaka ukajulikana kwa filamu za ngono na uhalifu. Miaka ya 1980 ukumbi ulifungwa kabisa. Paa likavuja, maji yakatuama ndani, nakshi za plasta zikadondoka, na uyoga ukaota sakafuni pale palipokuwa na viti vya watazamaji.

Uliokolewa kwa makubaliano. Serikali ya jimbo na ya jiji zilikuwa zimeanza kuyachukua majengo ya mtaa ule ili kuufufua. Kampuni ya Disney ikaingia mkataba wa kukodi ukumbi kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya gharama za ukarabati ikalipwa kwa mkopo wa serikali wenye riba nafuu. Ulifunguliwa upya mwaka 1997, na Novemba mwaka huo likaanza igizo la The Lion King, lililotokana na filamu ya katuni ya Disney kuhusu simba. Mwaka 2006 igizo hilo lilihamia ukumbi wa Minskoff, mitaa michache kutoka hapo.

Miji yetu mingi ina jumba la sinema la zamani lililogeuzwa ghala au nyumba ya ibada, na huwa tunalipita tukisema sanaa imekufa. Huko New York jumba lilioza kweli. Lilirudi kwa sababu kuna watu waliokaa mezani, wakahesabu fedha, na wakakubaliana nani analipa nini.

"Watu weusi walipata nafasi Broadway The Lion King ilipokuja."

Si kweli, na kosa hili linawanyima heshima watu waliolipa gharama kubwa. Februari 1903, miezi kabla New Amsterdam haujafunguliwa, igizo la muziki liitwalo In Dahomey lilianza kuonyeshwa kwenye ukumbi mkubwa wa Broadway. Lilitungwa na Wamarekani weusi na kuchezwa na Wamarekani weusi. Muziki ulikuwa wa Will Marion Cook, na kati ya waandishi wa mashairi yake alikuwamo Paul Laurence Dunbar. Mwaka huohuo lilivuka bahari hadi London, likachezwa mpaka kwenye kasri la Buckingham.

Mmoja wa nyota wake alikuwa Bert Williams, mzaliwa wa Bahamas. Mwaka 1910 Ziegfeld alimwajiri katika maonyesho yake, na baadhi ya wasanii weupe wakatishia kuondoka wasipande naye jukwaani. Ziegfeld hakurudi nyuma. Kwa hiyo Williams alisimama kwenye jukwaa la New Amsterdam, akawavunja mbavu watazamaji wa miaka ile, huku akilazimika kujipaka masizi usoni, yeye mtu mweusi, kwa sababu ndivyo biashara ya vichekesho ilivyomtaka mchekeshaji mweusi aonekane. Kila nikilisoma jambo hilo linaniuma.

Halafu kuna Sarafina. Nusu ya watu wa rika langu wanaijua kama filamu ya mwaka 1992. Ilianza kama igizo la jukwaani, kazi ya Mbongeni Ngema, katika ukumbi wa Market mjini Johannesburg mwaka 1987. Januari 1988 ilifika Broadway kwenye ukumbi wa Cort, ikachezwa huko mara 597, na Leleti Khumalo yuleyule tunayemkumbuka kwenye filamu ndiye aliyekuwa nyota. Ukumbi huo sasa unaitwa kwa jina la mwigizaji mweusi, James Earl Jones, tangu mwaka 2022.

"Ule wimbo wa kufungulia The Lion King ni Kiswahili."

Ule mwito wa mwanzo ni Kizulu, na mashairi yanayofuata ni ya Kiingereza. Sauti na kwaya za Kiafrika ni kazi ya mwanamuziki Lebo M wa Soweto, Afrika Kusini. Kiswahili kimo kwenye majina ya wanyama: Simba, Rafiki, Sarabi, Pumbaa.

"Waigizaji wanafichwa ndani ya ngozi na manyoya."

Mwongozaji, Julie Taymor, alifanya kinyume chake. Kinyago cha simba hakimfuniki mtu uso. Kimewekwa juu ya kichwa, ili uone sura mbili kwa pamoja, ya mnyama na ya mwigizaji. Twiga ni mtu mmoja aliyesimama juu ya miti minne, miwili miguuni na miwili mikononi, na shingo ndefu imefungwa kichwani kama kofia. Unamwona anavyohamisha uzito polepole kutoka mti hadi mti, na unaamini kuwa huyo ni twiga. Swala wanaruka juu ya magurudumu yanayosukumwa na mwigizaji mmoja anayevuka jukwaa. Nyasi za mbuga zimekaa vichwani mwa wachezaji.

Mtu yeyote aliyetazama ngongoti ya Wamakonde, ngoma ya kucheza juu ya miti mirefu, hatashangaa sana. Mti, mwili na ngoma vinatosha kumfanya mtazamaji aone kitu kingine. Kwa kazi hiyo, mwaka 1998 Taymor alikuwa mwanamke wa kwanza kushinda tuzo ya Tony, tuzo kubwa ya maigizo ya Broadway, ya uongozaji wa igizo la muziki.

"Muziki uko kwenye flashi, wao wanafungua midomo tu."

Wanaimba wenyewe, maonyesho 8 kwa wiki, na bendi inapiga papo hapo, mara nyingi ikiwa kwenye shimo lililo mbele ya jukwaa. Idadi ya chini ya wapigaji imeandikwa kwenye mkataba wa chama chao kwa kila ukumbi. Machi 2003 wenye maonyesho walitaka kuipunguza, wapigaji wakagoma, waigizaji na mafundi wa jukwaa wakawaunga mkono, na karibu maigizo yote ya muziki ya Broadway yakasimama kwa siku 4. Mwishowe walikubaliana kuwa kumbi kubwa zishuke kutoka wapigaji 24 au zaidi hadi 18 au 19. Naona fahari kusoma kwamba waimbaji walisimama na wapiga zeze.

"Kazi ya maana lazima ianzie jiji kubwa."

Hii ndiyo inayotuumiza zaidi sisi wa Nyanda za Juu Kusini, kwa sababu kijana wa Mwanjelwa hapa Mbeya akiamini hivyo anasubiri nauli ya Dar es Salaam badala ya kuanza mazoezi. The Lion King lilianza mji wa Minneapolis mwezi Julai 1997, likarekebishwa, ndipo likaenda New York. Igizo jingine la muziki, Oklahoma!, lilianza mji wa New Haven mwezi Machi 1943 likiwa na jina jingine kabisa. Likapita Boston, na humo njiani wimbo uliokuja kulipa jina ukapangwa upya ili uimbwe na kundi zima. Liliingia New York mwisho wa mwezi uleule na likachezwa mara 2,212.

Kwetu kikundi kinafanya mazoezi miezi, kinacheza mara moja kwenye mahafali au Pasaka, kisha mavazi yanakunjwa, hata kama kila mtu aliona kuwa sehemu ya pili ilikuwa ndefu mno. Barabara kuu ya kutoka hapa kwenda Iringa inapita Igurusi, Chimala, Makambako na Mafinga. Anzeni na Igurusi. Kuna shule, kuna makanisa, na kuna watazamaji watakaowaambia papo hapo ni wimbo gani umewachosha.