Kumwandalia mwanafunzi asiyeona mchoro wa moyo

Mchoro wa moyo katika kitabu cha Baiolojia una rangi mbili, mishale, na majina yaliyouzunguka kila upande. Mwalimu mwenye mwanafunzi asiyeona darasani mara nyingi hujitahidi kuutunisha wote kama ulivyo, yaani kuinua mistari yake ipapasike, asiache hata mmoja. Jitihada hizo huambulia patupu. Jicho hulitwaa umbo zima kwa mara moja. Kidole huokota kipande baada ya kipande, na akili ndiyo inayoviunga. Tena, ncha ya kidole hupata shida kutenganisha alama zilizokaribiana chini ya milimita 2 hivi, ndiyo maana kati ya mstari na mstari huachwa walau milimita 3. Vali ndogo za kitabuni, yaani vilango vya moyo vya kupitishia damu, ukizipapasa, ni vurugu tupu.

Anza na mada yenyewe: leo unataka ajue nini? Ikiwa ni vyumba vinne na njia ya damu, ondoa mishipa inayolisha msuli wa moyo wenyewe. Vali zitengenezewe karatasi yake, zikiwa kubwa. Nukta nundu, maandishi ya kupapasa ya wasioona, haipunguzwi ukubwa kama chapa ya kawaida, hivyo neno refu humeza mchoro. Weka herufi mojamoja, na maana zake ziandikwe ukurasa mwingine. Palipokuwa na rangi nyekundu bandika msasa laini, palipokuwa na buluu acha karatasi nyororo. Ukuta wa chumba cha chini kushoto uwe mnene waziwazi, kwa kuwa ndio unaosukuma damu mwili mzima.

Kuna karatasi maalumu ambazo mistari yake myeusi huvimba ikipashwa joto, na mashine za kufinyanga plastiki juu ya kielelezo. Shule nyingi hazina. Manila, gundi, uzi mnene na msasa vinafaa sana, pamoja na kile kigurudumu chenye meno cha mafundi cherehani, ukikipitisha juu ya kipande cha raba. Ila kina mtego. Kinapita nyuma ya karatasi ili nukta zitokeze mbele, kwa hiyo kushoto huwa kulia. Kwa jani la mmea haidhuru. Kwa moyo, ukuta mnene utahamia upande usio wake, na mwanafunzi tayari ana kazi ya kukumbuka kwamba kushoto kwa moyo hukaa kulia kwa karatasi. Chora kwanza kwenye karatasi nyepesi, igeuze kwenye kioo cha dirisha, ndipo uifuatishe.

Wenye uoni hafifu, wakiwamo wanafunzi wengi wenye ualbino, hawasaidiki kwa fotokopi ya A3 peke yake kama mistari ni ya kijivu. Wanataka wino mweusi mzito na karatasi isiyong'aa.

Na maneno? "Kama mnavyoona hapa" haimfikishii kitu. Taja umbo zima kwanza, kisha mwongoze vidole: juu kulia, shuka, simama kwenye msasa.

Kwenye mtihani, maelezo hayohayo yanaweza kuvujisha jibu. Mtungaji akieleza kwamba katika grafu ya mvua ya Dar es Salaam nguzo ya Aprili imezipita zote, halafu akauliza mwezi wenye mvua nyingi, amepima nini? Ampe mtahiniwa asiyeona grafu ya kugusa, au jedwali la vipimo vya miezi yote 12, na muda wa ziada wa kulipapasa.