Maharage ya kutambaa na watoto: chomekeni fito kwanza

Mimi ni bibi shamba huku Lushoto, na kila mashindano ya bustani za kata yakikaribia simu haipumziki, wazazi wanataka kujua watoto wapande nini. Jibu langu maharage ya kutambaa. Mchicha unawahi zaidi sawa, ila mtoto wa miaka 7 hawezi kukaa anauangalia mchicha, maharage yakishashika fito anakuja mwenyewe kila asubuhi kujipima nayo, jana yalikuwa kiunoni leo yako kifuani.

Sasa kosa ninalolikuta karibu kila bustani, na mimi mwaka juzi nililifanya na watoto wangu: mbegu inaingia leo, fito zinatafutwa wiki ya nne. Hapo mizizi imeshatawanyika, ukichomeka unaikata, na mimea yenyewe imeshalala na kusokotana, ukiitenganisha ncha zinakatika. Tulipoteza nusu mstari hivihivi. Kwa hiyo fito kwanza, ziwe na mita 2 hivi juu ya ardhi na zichimbiwe vizuri maana maharage yakijaa upepo unayasukuma kama tanga. Kama mnatumia mabingobingo yaanikeni kwanza yakauke kabisa, tulichomeka mabichi yakaota mizizi tukawa na bustani ya majani ya ng'ombe!

Kila fito mbegu 2 au 3, kina pingili mbili za kidole cha mtoto. Ile mbegu ya dukani yenye rangi imepakwa dawa, watoto wasiishike kwa mikono mitupu, na hata ya nyumbani wasitafune mbichi kwa sababu maharage mabichi yana sumu inayotapisha, mpaka yachemshwe sawasawa. Yataota kama baada ya wiki moja, kukiwa na baridi yanachelewa.

Halafu ndio inakuja raha yenyewe. Ile ncha inazunguka hewani polepole ikitafuta pa kushika, kukiwa na joto mzunguko mmoja unachukua kama saa mbili, na maharage yote yanajisokota upande mmoja tu, ukiangalia kutoka juu ni kinyume cha mshale wa saa. Watoto wakitaka kuyasaidia wanayazungusha wanavyojua wao, kesho wanakuta yamejifungua. Msiwakataze, mwambie afunge uzi mwekundu kwenye mmea aliouzungusha kinyume aone wenyewe utaamua nini.

Maua yakianza ng'oeni mmea mmoja, najua unauma ila ng'oeni, tena kwa jembe sio kwa kuvuta. Kwenye mizizi mtaona vinundu, humo kuna bakteria wanaoupa mmea naitrojeni ya hewani. Pasua kimoja kwa ukucha, kikiwa pinki ndani kazi inaendelea, kikiwa cheupe bado hakijaanza, kikiwa kijani kimeshaacha kazi. Mwaka jana jaji mmoja aliona mizizi yetu akaanza kuandika minyoo fundo, yaani ugonjwa. Binti wa darasa la tatu akamwambia shikamoo, akachukua mzizi, akakibandua kinundu kikatoka kizima, akasema fundo la minyoo halibanduki hivi kwa sababu ni mzizi wenyewe umevimba. Jaji akacheka, akafuta.