Msamaria aliacha pesa na akasema atarudi

Mimi ni mchungaji wa hospitali hapa Arua, kazi yangu ni kukaa na wagonjwa na kufundisha vikundi vya kanisa namna ya kutembelea wodi, na kinachonisumbua ni vile watu wanaona kupenda bila kujitafutia faida ni kusikia huruma sana, kuomba kwa sauti kubwa, kupiga picha, basi tunarudi nyumbani. Mgonjwa anabaki na ndizi zake mbili na njaa ya jioni.

Hebu soma Luka 10 polepole, mstari wa 34 na 35, ju hapo ndo utamu uko. Yule Msamaria anamkuta mtu aliyepigwa na wanyang'anyi njiani, anafunga majeraha yake, anamwaga mafuta na divai, anampandisha kwa mnyama wake, anamuuguza, kesho yake anatoa dinari mbili. Dinari moja ilikuwa malipo ya kibarua wa siku nzima, iko kwa Mathayo 20, sa fikiria unatoa kibarua cha siku mbili kwa mtu hata jina lake hujui, tena wa watu ambao hamsalimiani. Na bado anamwambia mwenye nyumba ya wageni, ukigharamia zaidi nitakulipa nikirudi. Safari yake hakuiacha. Alijipanga.

Hapa Uganda hatuendi mbali kutafuta mfano. Dokta Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor kule Gulu, mwaka 2000 alikuwa Kampala anasoma, wakampigia simu kwamba wauguzi wanakufa, akarudi. Kabla hata maabara haijathibitisha ni Ebola alikuwa ashatenga wodi, wafanyakazi washavaa glavu, maski na gauni. Wahubiri wengi wanakimbilia kifo chake cha tarehe 5 Desemba mwaka huohuo, ila mimi napenda hiyo sehemu ya glavu ju kuna walokole wanaona kujikinga ni kukosa imani. Sa ukianguka wewe, mgonjwa wa kesho nani atamwangalia?

Halafu ile 1 Wakorintho 13 tunayoisoma kwa harusi, Paulo hakuwa anaandikia maharusi. Alikuwa anaandikia kanisa lenye watu wanashtakiana mahakamani, na kwa meza ya Bwana mmoja analewa mwingine ana njaa. Hao ndo aliambia upendo "hauhesabu mabaya". Jaribu hiyo na mgonjwa mlevi anayekutukana ukiwa unamwosha, utaelewa haraka.

Kwa hospitali zetu ndugu ndo wanapika, wanafua, wanalala chini ya kitanda. Asiye na ndugu yuko taabuni kweli. Kwa hivo kikundi kikija nawaambia waulize nesi mgonjwa wa kitanda gani hana mtu wa kumwangalia, simu ibaki mfukoni, halafu tugawane zamu: chakula cha Jumatatu nani, mashuka nani, Jumatano nani anakuja? Wakinyamaza nawatuma nyumbani wakajipange kwanza, wodi haikimbii.