Nzi na sarafu havipimi sumu ya samaki wa miambani
Kwa muda mrefu, wavuvi wengi wa burudani katika bahari za joto wameamini kwamba samaki mwenye siguatera, yaani sumu ya samaki wa miambani inayomdhuru mlaji, hutambulika kwa nzi kumkwepa, au kwa sarafu ya fedha kubadilika rangi inapowekwa juu ya nyama yake. Imani hiyo si kweli, ingawa inaeleweka, kwa kuwa sumu yenyewe haina rangi, harufu wala ladha, na mtu hutamani ishara ya kuonekana kwa macho.

Sumu hiyo hutokana na viumbe vidogo mno vinavyoishi juu ya mwani na matumbawe yaliyokufa. Samaki wadogo huvila, wakubwa huwala wadogo, na hivyo sumu hulimbikizana zaidi katika samaki wawindaji kama chewa, mkunga na mzia, tena wale wakubwa ambao mvuvi huwaonea fahari hasa. Kupika, kugandisha wala kutia chumvi hakuiondoi.

Anayetaka kujihakikishia anaweza kulinganisha machapisho kadhaa ya afya na ya uvuvi yasiyonakiliana, kisha azingatie aina ya samaki, ukubwa wake na mwamba alikovuliwa, kwa kuwa maonyo ya kuaminika hujengwa juu ya mambo hayo.