Ile K kwenye boksi la balbu

Sokoni Mwanga, hapa Kigoma, ukiomba balbu muuzaji anakuuliza swali moja tu: "Nyeupe au ya njano?" (Ndiyo, mtaa wenyewe unaitwa Mwanga, na utani wake tumeshauzoea.) Jibu limeandikwa ubavuni mwa boksi: 2700K, 3000K, 6500K. Wengi hudhani namba hiyo ni nguvu ya taa, basi wanachukua kubwa. Sivyo. K ni kelvini, kipimo cha joto la rangi.

Joto la rangi hueleza rangi ya mwanga kwa kuulinganisha na kitu kilichopashwa moto. Mwangalie mhunzi: chuma kikianza kushika moto huwa chekundu, akizidi kuvukuta, kinageuka cha machungwa, kisha cha njano, hadi kikaribie weupe. Kama kingeweza kuendelea bila kuyeyuka, kingeelekea bluu. Ndiyo maana mwali wa mshumaa uko karibu na 1900K, glopu ya zamani ya waya 2700K, na ile taa nyeupe yenye ubluu 6500K. Hapo ndipo watu huchanganyikiwa, maana namba inapanda huku jicho likiona ubaridi. Na balbu ya 6500K haiunguzi mkono kuliko ya 2700K.

Nguvu ya mwanga ni habari nyingine, hupimwa kwa lumeni. Balbu ya LED ya wati 9 hutoa kama lumeni 800, sawa na glopu ya wati 60.

Kwa anayesoma kidogo kabla ya kulala, mimi ningechukua 2700K au 3000K. Mwanga wenye bluu nyingi usiku huchelewesha melatonini, homoni inayouandaa mwili kwa usingizi. Nyeupe kali iacheni jikoni mnakochambua mchele, au kwa wavuvi wa dagaa ziwani, ambao usiku wao si wa kulala.

Ila balbu nzuri ikining'inia katikati ya dari, ukiinamia kitabu kivuli cha kichwa chako kinatangulia kuusoma ukurasa. Kwangu nilinunua holda na waya, nikashusha taa pembeni ya kochi, juu kidogo ya bega. Umbali ukipungua nusu, mwanga unaofika kwenye karatasi huongezeka karibu mara 4, kwa hiyo hata balbu ndogo inatosha. Ya darini siizimi. Ukurasa unaong'aa peke yake kwenye chumba cheusi nao huchosha macho.