Je, wajua kwa nini maziwa yaliyotiwa maji yanaweza kupita kipimo bila kushtukiwa?

Wengi tunakijua kile kipimo cha kioo kinachoelea kwenye maziwa, laktomita, na tunadhani kikishasema sawa basi mambo yameisha. Hapana aisee. Laktomita inaangalia uzito tu, maziwa ya ng'ombe ambayo hayajachezewa husoma kama 28 mpaka 33, yaani lita moja ina kilo 1.028 hadi 1.033, ukitia maji namba inashuka. Sasa mchakachuaji anaengua krimu kwanza, na kwa vile mafuta ni mepesi kuliko maji, yakitoka namba inapanda, halafu anamimina maji kidogo kidogo mpaka inarudi palepale. Krimu kauza, maji kauza, na kipimo kinasema safi!

Ndo maana mji ulio makini hauishii hapo, sampuli inapelekwa maabara inagandishwa. Maji safi yanaganda kwenye nyuzi 0, maziwa ya ng'ombe yanaganda chini kidogo ya hapo, kama -0.52 hadi -0.54, kwa sababu ya sukari na chumvichumvi zilizoyeyuka ndani yake. Mafuta hayajayeyuka humo, kwa hiyo kuengua krimu hakusaidii kitu hapa, maji yakiingia tu namba inasogea kuelekea 0. Wapo wanaotia sukari kuficha, hiyo nayo ina kipimo chake, na wanaotia unga ndo rahisi kabisa kuwanasa, tone la iodini tu maziwa yanageuka bluu.

Na hili si suala la kuibiwa hela tu jamani, maji ya kuongezea mara nyingi hayajachemshwa, taifodi inapita humohumo, na mtoto anashiba tumbo huku mwili hauna chakula. China mwaka 2008 walitia melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki, kwenye maziwa yenye maji, kwa sababu kipimo cha protini kilikuwa kinahesabu naitrojeni na melamini imejaa naitrojeni, watoto karibu 300,000 wakaugua, figo zikajaa mawe, 6 wakafa.

Kwa hiyo mkaguzi afike alfajiri maziwa yanaposhushwa, kabla hayajachanganywa ya huyu na yule, akoroge kopo vizuri maana krimu hupanda juu, achote, afunge kwa lakiri, na sehemu ya sampuli abaki nayo muuzaji, akibisha majibu ipimwe tena.