Kwa nini bluzi iliyorekodiwa barazani haichuji?

Mwezi Septemba 1959, karibu na mji mdogo wa Como, kaskazini mwa jimbo la Mississippi nchini Marekani, mkulima aitwaye Fred McDowell alitoka kuchuma pamba, akachukua gitaa lake na, barazani, kumpigia bluzi, muziki wa Wamarekani Weusi wa kusini, mgeni aliyekuja na mashine ya kurekodi. Mgeni huyo alikuwa Alan Lomax, mkusanyaji wa nyimbo za kienyeji, aliyesafiri na mwimbaji Mwingereza Shirley Collins. Jirani, Miles Pratcher, alishika gitaa la pili, na Fanny Davis akapuliza kitana kilichofunikwa karatasi. Hapakuwa na studio wala fundi wa kusawazisha sauti, na bado kuna wasikilizaji wanaozipenda rekodi hizo kuliko nyingi zilizotengenezwa kwa gharama kubwa.

Kabla ya kueleza sababu, yafaa kutenganisha mambo mawili ambayo wapenzi wa bluzi huyachanganya, yaani ubora wa chombo cha kurekodia na hali ya mahali. Mashine ya Lomax haikuwa duni. Ilikuwa ya stereo, na kwa wakati wake ilikuwa nzuri. Kilichokuwa ghafi ni mahali. Rekodi za Charley Patton, mpigaji wa bluzi wa kizazi kilichotangulia, ni kinyume chake, kwani chombo ndicho kilichokuwa duni: nyingi zilitolewa kati ya 1929 na 1932 na Paramount, tawi la kampuni ya viti ya Wisconsin lililoanza kuuza santuri ili makabati ya gramafoni yapate wanunuzi. Santuri zake zilikuwa za malighafi hafifu, na kwa kuwa tunazisikia leo kutoka katika nakala zilizochakaa, sauti ya Patton hutufikia kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mvua kubwa.

Tuanze na mahali. Studio hufunika kuta kwa vitu vinavyomeza mwangwi, na kila ala huwekewa maikrofoni yake. Barazani, maikrofoni moja au mbili hupokea kwa pamoja sauti ya mwimbaji, nyuzi, kisigino kinachogonga mbao, na mwangwi unaorudi ukiwa umechelewa kidogo sana. Ubongo hutumia ucheleweshaji huo kukadiria ukubwa wa mahali na umbali wa anayeimba, hata msikilizaji asipojua kwamba anapima chochote, na ndiyo maana hujihisi ameketi pale pale na wapigaji. Zaidi ya hayo, sauti zikishachanganyika namna hiyo, kosa la gitaa haliwezi kufutwa bila kufuta na maneno ya wimbo. Mwendo ukiharakishwa kidogo, au mpigaji akiongeza pigo moja kwa sababu bado anavuta pumzi, jambo hilo hubaki, nasi tunamsikia mtu akiamua.

Uduni wa chombo nao una kazi yake. Sauti kali ikizidi uwezo wa utepe, vilele vyake hubanwa na sauti-pacha za juu, yaani sauti nyembamba zinazoambatana na ile ya msingi, huzaliwa, kwa hiyo gitaa moja huonekana nene kuliko lilivyo. Hata besi inayopotea haipotei kabisa. Uzi mnene wa gitaa hutikisika takriban mara 82 kwa sekunde, kiwango ambacho spika ya redio ndogo haikifikii vizuri, lakini sikio likizisikia sauti-pacha zake za juu, ubongo hujaza wenyewe ile ya chini iliyokosekana.

Hata hivyo, sababu yenye uzito zaidi, kwa maoni yangu, iko katika muziki wenyewe. McDowell alianza kwa kutelezesha juu ya nyuzi kisu cha mfukoni, akafuatia na mfupa wa ubavu wa ng'ombe, kisha akahamia kwenye shingo ya chupa, na kwa kuteleza huko alizipata noti zilizo katikati ya zile ambazo gitaa limepangiwa. Kitana cha Fanny Davis kiliongeza mvumo wa makusudi. Hayo si mageni kwetu: ilimba ya Wagogo, ala ya vyuma vinavyochezwa kwa vidole, hutobolewa tundu linalozibwa kwa utando wa buibui ili kila noti itoke na mtetemo wake, na mafundi wake wangeona sauti safi tupu kuwa na upungufu. Mkwaruzo wa rekodi hauuharibu muziki wa namna hiyo, kwa kuwa mpigaji mwenyewe alikwisha kutia mkwaruzo wake.

Tusidhani, lakini, kwamba wasanii hao walipenda kusikika vibaya. Mwaka 1941 Lomax alimrekodi dereva wa trekta katika shamba la Stovall, McKinley Morganfield, ambaye baadaye alijulikana kama Muddy Waters. Alipewa nakala mbili za santuri na dola 20, na alifurahi kusikia kwamba sauti yake ilifanana na za watu waliouza santuri. Mwaka 1943 alihamia Chicago, ambako gitaa tupu lilizidiwa na kelele za baa, akachukua la umeme. Vikuza sauti vidogo vya siku hizo, vilipofunguliwa hadi mwisho, vilianza kukoroma, na ule mvumo wa kitana ukarudi kwa njia ya waya.